Mercedes ya dizeli kwa bei ya kutupa? Tulia kwanza usome hii

Najua umeliona hilo tangazo. Mercedes ML au E-Class, V6 ya dizeli, viti vya ngozi, sanrufu, "imetunzwa vizuri, nunua na uendeshe". Bei iko karibu na ya kigari kidogo cha Japani kilichotoka bandarini Mombasa juzi. Marafiki wanakuambia chukua, maisha ni haya haya. Sacco iko tayari na mkopo. Sasa kabla uweke saini, nipe dakika tano tuongee kuhusu kitu ambacho muuzaji anakipitia juu juu: injini iliyo chini ya boneti.

Kwa nini tuongee leo? Kuna mambo mawili.

La kwanza liko London. Oktoba 2025, Mahakama Kuu ya Uingereza ilianza kusikiliza kesi kubwa ya moshi wa dizeli. Takriban walalamishi milioni 1.6 wanadai kwamba kampuni za magari, Mercedes ikiwemo, ziliweka mitambo ya kupunguza moshi wakati wa majaribio ya maabara, kisha gari likifika barabarani linatoa sumu zaidi. Kampuni hizo zinakana. Lakini mwaka wa 2020 kampuni mama ya Mercedes, Daimler, ilikubali kulipa takriban dola bilioni 1.5 Marekani kumaliza madai kama hayo kuhusu magari 250,000 hivi, bila kukiri kosa. Uingereza huendesha upande wetu wa barabara, kwa hivyo magari yao ya kifahari yakichoka huko, mengine hupanda meli na kuja kwetu.

La pili liko hapa nyumbani. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambapo gari la dizeli la zaidi ya CC 2500 linakamuliwa asilimia 35 nyingine, halafu VAT ya asilimia 16. Isitoshe, sheria ya miaka minane inamaanisha kuwa mwaka huu wa 2026 huwezi kuingiza gari lililosajiliwa kabla ya 2019. Kwa hivyo kijana anayetaka V6 na hana mamilioni anabaki na njia moja tu: zile kuukuu ambazo tayari ziko Kenya, zimepita mikono miwili au mitatu. Hapo ndipo hadithi yetu inaanzia.

Injini yenyewe ni moto

Injini ninayoizungumzia inaitwa OM642. Ilitoka mwaka wa 2005, ina CC 2987, silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, vali 24 na turbo moja. Bloku yake ni ya alumini ili iwe nyepesi, lakini ndani ya silinda kuna mikono ya chuma cha kutupwa ili pistoni zisiile. Mercedes waliifunga kwenye karibu kila kitu: E-Class, ML, GL, S-Class, hadi gari la mizigo la Sprinter. Hata Jeep Grand Cherokee na Chrysler 300C ziliipata.

Inavyofanya kazi ni hivi. Pampu inakandamiza dizeli kwa presha ya takriban bar 1600, kisha nozo zinainyunyiza ndani ya silinda kwa vipimo vidogo sana, mara kadhaa katika mzunguko mmoja. Ndiyo maana hausikii ule mngurumo wa matatu ya zamani. Turbo nayo ina visahani vinavyobadilisha pembe, kwa hivyo inasukuma hewa hata ukiwa kasi ya chini. Katika E 320 CDI hiyo yote inakupa nguvu za farasi 224 na torki ya Nm 510. Ukikanyaga pale Rironi ukielekea Naivasha, gari linaondoka bila kuuliza maswali.

Na ni imara kweli. Mwaka wa 2005, kwenye uwanja wa majaribio huko Laredo, Texas, E 320 CDI tatu ziliendeshwa usiku na mchana kwa siku 30. Kila moja ilikula maili 100,000, yaani karibu kilomita 160,000, kwa kasi ya wastani ya zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Rekodi ya dunia.

Basi, kama ni ngumu hivyo, mbona gereji za Industrial Area hazikosi hizi gari?

Angalia tena hiyo rekodi ya Texas. Injini ilikuwa na joto muda wote, haikuzimwa zimwa, ilikunywa dizeli safi na ilihudumiwa kwa ratiba. Hayo ndiyo maisha ambayo dizeli ya kisasa inapenda. Wewe unataka kuipeleka Umoja hadi mjini, kilomita kumi na kitu, saa moja na nusu kwenye jam, kisha izime hadi jioni. Chuma ni kilekile ila maisha ni tofauti kabisa.

Inapoumia

Shida ya kwanza ni mpira mdogo. Kipoza oili cha injini hii kimefichwa katikati ya ile V, chini ya turbo na njia za hewa. Kimezibwa na mipira miwili ambayo, baada ya miaka ya joto, inakauka na kuvuja. Mercedes wenyewe baadaye walibadilisha aina ya mpira. Mipira ni rahisi, lakini ili kuifikia fundi lazima ang'oe karibu kila kitu kilicho juu ya injini. Unalipia mikono, na mikono inayojua hiyo kazi si mingi. Tena oili ikivuja inateremkia nyuma na kudondoka pale injini inapokutana na gia. Fundi asiyejua anakuambia sili ya krenki imekufa, anashusha gia, anakula pesa, na oili inaendelea kudondoka.

Ya pili ni mota ndogo inayofungua na kufunga njia za hewa. Nayo iko mle mle kwenye V. Mvuke wa oili ukitoka kwenye kiungo cha turbo kilicholegea, unaidondokea hadi inaungua. Hapo gari linaingia hali ya kujilinda: taa inawaka kwenye dashibodi, nguvu inapotea, na wewe uko Thika Road unapitwa na bodaboda.

Ya tatu ni filta ya masizi, ile mafundi wanaita DPF. Kazi yake ni kunasa masizi ya dizeli, halafu injini inayachoma joto la ekzosi likipanda hadi takriban nyuzi 600. Safari fupi haziifikishi hapo. Kompyuta ya gari inajaribu kusaidia kwa kunyunyiza dizeli ya ziada. Kama safari inakatika kila mara kabla kazi iishe, sehemu ya hiyo dizeli inateremka na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi, nayo oili nyepesi hailindi turbo wala krenki. Ukiona kiwango cha oili kinapanda chenyewe, usifurahi.

Matoleo ya baadaye, yale yenye jina BlueTEC, yanaongeza ya nne: mfumo wa AdBlue, maji ya urea yanayosafisha moshi. Sensa ikiharibika au maji yakiisha, gari linaanza kukuhesabia kilomita zilizobaki kabla likatae kuwaka kabisa.

Dizeli yetu na historia yake

Tuseme ukweli pia kuhusu kile tunachoweka kwenye tangi. Ulaya ilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Sisi tulitoka 500 na kufika 50 Januari 2015. Ni hatua kubwa, lakini magari mengi ya OM642 yalifika hapa kabla ya hapo na kunywa ile ya zamani. Salfa inatengeneza asidi kwenye oili na kuichosha mapema.

Halafu kuna mchanganyo. Mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, kwa sababu watu walikuwa wanayachanganya na dizeli ili wapate faida. Injini ya zamani ya lori ilivumilia hayo. Hii haivumilii, kwa sababu pampu na nozo zake zinalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta taa ni makavu, chuma kinasuguana na chuma, na vumbi la chuma linasafiri hadi kwenye nozo zote sita.

Kwa hivyo gari hili si bovu. Lilitengenezewa mtu anayelipia oili sahihi, dizeli sahihi na fundi sahihi kila mara. Mwenye gari wa kwanza huenda alikuwa mtu huyo. Wa pili alianza kubana. Wa tatu akaona taa inawaka, akaenda kukata filta na kufuta makosa kwenye kompyuta, kisha akapiga picha nzuri na kuweka tangazo. Wa nne ni wewe.

Hapa ndipo vijana wengi tunakosa hesabu. Bei ya gari la kifahari inashuka haraka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. ML iliyonunuliwa kwa mamilioni ikiwa mpya inaweza kuuzwa leo kwa sehemu ndogo ya hiyo pesa, lakini nozo yake haijui kwamba wewe ni mnunuzi wa nne. Hata oili tu inataka zaidi ya lita nane, tena ya kiwango maalum. Mkopo wa Sacco unakokotoa bei ya kununua. Haukokotoi hayo mengine, na mshahara wako unakatwa hata gari likiwa limelala gereji.

Kama bado unalitaka

Sikukatazi. Fanya haya kwanza.

Nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe kabla ufike. Dizeli inayosumbua huonekana ikiwa baridi. Gusa boneti, kama tayari ina joto, jiulize kwa nini.

Mulika tochi katikati ya V na chini, pale injini inapokutana na gia. Injini iliyooshwa ikang'aa kama sahani inapaswa kukutia shaka zaidi ya yenye vumbi.

Liwekee mashine ya kusoma makosa, kwa fundi uliyemchagua wewe. Mwambie asome kiwango cha masizi kwenye filta, na athibitishe kama filta bado ipo ndani. Makosa yote yakiwa yamefutwa jana, hilo nalo ni jibu.

Itisha risiti za oili. Gari lenye filta linahitaji oili iliyoandikwa MB 229.51 au 229.52. Muuzaji asiyejua aliweka oili gani hajalitunza, hata kama viti vinanukia.

Halafu jiulize safari zako ni zipi. Kama kila wiki unaenda Nakuru au Nyeri, hii injini itakupenda. Kama maisha yako ni Kasarani hadi Westlands kwenye jam, chukua petroli ndogo ulale usingizi.

Na usitumie pesa zako zote kununua. Weka kando akiba ya matengenezo kabla siku ya kwanza, isiyoguswa. Kama ukiweka akiba hiyo kando gari linakushinda bei, basi gari lenyewe lilikuwa limekushinda tangu mwanzo, ila tangazo halikukuambia.