Umesahau panya
Ndugu mwandishi, katika makala yako ya kuchagua paka umesahau panya. Huku Mitwaba paka hachukuliwi kwa urembo, anachukuliwa kwa ajili ya magunia ya mahindi. Mimi siangalii rangi. Nauliza kwanza kama mama yake anawinda. Kitoto hujifunza kwa mama, ndiyo maana sipokei cha chini ya wiki nane. Wangu nilimleta kwa pikipiki ndani ya kikapu, akalia njia nzima. Siku tatu alijificha chini ya kitanda, akitoka usiku tu kula bukari na kapenta. Paka mgeni msimfungulie mlango mapema, atatafuta alikotoka. Na chanjo ya kichaa cha mbwa inamhusu paka pia, akishafika miezi mitatu.