Mto Kuja hausomeki kutoka Nairobi

Mafuriko ya Nyatike, huku Migori, yanaweza kufika wakati anga ya Nyatike ni safi. Mto Kuja huanzia kwenye milima ya Nyamira na Kisii, hupokea maji ya Mto Migori yatokayo upande wa Trans Mara, kisha huteremka hadi tambarare za Nyatike na kuingia Ziwa Victoria. Mvua inayowahamisha watu wa huku chini mara nyingi haikunyesha kwao. Ilinyesha mapema zaidi katika kaunti nyingine, juu ya mashamba ya chai. Kwa hiyo utabiri wa mvua ya Nyatike pekee hautoshi kumwonya mtu wa Nyatike. Anahitajika mtu kule juu, anayesoma ubao wa kina cha maji asubuhi na jioni, anayejua kwamba maji yakifika alama fulani hapo alipo, huku chini yatavuka kingo baada ya muda fulani, na ambaye ana nambari ya simu ya kupiga. Ujuzi huo hauji na warsha ya siku tatu. Huja kwa kupima msimu baada ya msimu, mvua ndefu na fupi, mwaka wa neema na mwaka wa ukame.

Kukosekana kwa wapimaji wa namna hiyo, wenyeji wa kudumu wanaolipwa, ndilo pengo kubwa la Migori na Homa Bay katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi tunayo tangu 2016. Tangu 2021 mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine, umezitaka kaunti ziwe na hazina ya tabianchi, kitengo cha kuisimamia na kamati za kupanga miradi hadi ngazi ya wadi. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, kwa sababu kamati ya wadi inajua vyema kisima kipi hukauka kwanza. Lakini kazi ya kamati ni kuchagua miradi, si kupima. Ikitaka kujua kama tuta la mto litastahimili maji ya miaka kumi ijayo, inamsubiri mshauri kutoka nje. Mshauri hukusanya takwimu, huandika ripoti kwa Kiingereza, na mradi ukifungwa takwimu huondoka naye. Anayekuja baadaye huanza upya kuwauliza wakazi wale wale maswali yale yale, nao wamechoka kuyajibu.

Ziwa lenyewe limekwisha kutuonyesha gharama ya utaratibu huu. Mei 2020 kina chake kilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuvunja rekodi iliyodumu tangu 1964. Mwaka 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Ndani ya miaka minne, kipimo kilichodhaniwa kuwa cha nadra kimepitwa mara mbili, na wanaoishi kando ya maji kuanzia Kendu Bay hadi Muhuru Bay wanapaswa kuambiwa choo kichimbwe umbali gani kutoka ziwani na banda la kuanikia omena lijengwe wapi. Kila ufuo unaotambuliwa una kikundi cha usimamizi, BMU, chenye viongozi na daftari la wanachama. Daftari la pili, la kina cha maji na nguvu ya upepo kila siku, lingeipa kaunti kumbukumbu ambayo haiwezi kununua kwa mshauri yeyote.

Kwamba utaalamu unaweza kuota mizizi huku si ndoto. Kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kilichoko Mbita, kinachoitwa kwa jina la mwanasayansi Thomas Odhiambo aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1970, ndicho kilichokuza kilimo cha sukuma-vuta tangu miaka ya 1990. Mkulima hupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo anayezaa funza wa mabua. Pembezoni hupanda majani ya mifugo yanayomvuta nondo huyo atoke shambani. Mizizi ya desmodiamu nayo huifanya mbegu ya kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, ichipue na kufa kabla ya kupata mzizi wa kushika. Faida hii ya mwisho haikutarajiwa. Ilionekana kwa sababu watafiti walikuwa karibu na mashamba yenye kayongo, wakayatazama kwa misimu mingi. Ukame ulipozidi, aina za desmodiamu na majani zinazovumilia jua kali zikatafutwa, na wakulima waliokwisha kujifunza wakawa walimu wa wenzao. Mradi wa miaka miwili usingeliona hata nusu ya hayo.

Wapo watakaosema tabianchi ni sayansi nzito isiyoweza kuachiwa wanavijiji. Hakuna anayependekeza satelaiti ziendeshwe kutoka Sindo. Idara ya Hali ya Hewa ina kazi yake, lakini utabiri wake hunoleka ukilinganishwa na vipimo vya mahali. Jirani zetu wa Vihiga wametangulia: wazee wa ukoo wa Nganyi hukaa na wataalamu wa idara hiyo kabla ya msimu, wakalinganisha dalili za miti na wadudu na hesabu za kompyuta, kisha wakatoa ushauri mmoja. Huko ni kukaguana, na kila upande unapata cha kujifunza.

Wengine wanahofia kwamba nafasi za upimaji zitagawiwa jamaa za wanasiasa, au kwamba kijana akishasomeshwa atahamia Nairobi. Hofu ya kwanza ni ya haki, na dawa yake ni kuviweka vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya kati ya mwanasiasa na mwajiriwa. Vyuo hivyo vifundishe, vitahini na kutunza takwimu, ili hata mpimaji akiondoka, rekodi ibaki. Ya pili inasahau kwamba wengi huondoka kwa kukosa ajira wanakotoka. Na kwa kuwa mto huvuka mipaka ya kaunti, Jumuiya ya Kiuchumi ya Ukanda wa Ziwa, inayozikutanisha Nyamira, Kisii, Migori na Homa Bay, ndiyo mahali pa kutia saini makubaliano ya nani atampigia nani simu mto ukipanda.

Pingamizi zito zaidi ni fedha, hasa kwa kuwa kanuni za fedha za umma zinazitaka kaunti zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kwa mishahara. Hata hivyo, tangu Septemba 2023 serikali kuu na kaunti zimekuwa zikichangiana posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchini kote, ambao si watumishi wa kudumu. Wapimaji wa mito na fuo katika kaunti mbili watakuwa sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Kabla bajeti zijazo hazijapitishwa mwezi Juni, mabunge ya Migori na Homa Bay yadai kuorodheshewa fedha zote zilizolipwa washauri wa tabianchi kutoka nje katika miaka mitano iliyopita, pamoja na mahali takwimu walizokusanya zilipo leo.