Mpigaji Besi Aulizwe Kabla ya Nyuzi Kununuliwa

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote, mimi napinga, hasa tukizungumzia gita la besi. Mpigaji asiyechagua nyuzi zake atatuaibisha sote jukwaani.

Wengi hudhani ati nyuzi ni nyuzi, bora ziwe nne na bei iwe chini. La hasha! Kwa kawaida besi hutyuniwa E, A, D na G. Uzi wa E, ulio mnene kuliko yote, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Waimbaji wakilemewa na sauti ya juu, bendi hushusha wimbo na E ikawa D, yaani kama mara 37. Tofauti yaonekana ndogo, lakini mvuto wa uzi hupungua kwa karibu moja ya tano! Hapo uzi mwembamba hulegea kama kamba ya kuanikia nguo, ukagonga vyuma vya shingo na kunguruma kama nyuki. Ukiubonyeza kwa nguvu, sauti yapanda na kutoka nje ya wimbo. Waimbaji husikiliza besi. Ikipotea, nao wapotea. Halafu lawama ni za nani? Za mpigaji!

Dawa ni unene. Seti ya kawaida ina nyuzi za inchi 0.045 hadi 0.105. Bendi inayoshusha ichukue 0.050 hadi 0.110, au nene zaidi, ili sehemu ya mvuto irudi. Huenda shingo ya gita nayo ikahitaji kurekebishwa.

Lakini vidole pia vina haki. Nyuzi nene bila kushushwa ni ngumu kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza; akitoka malengelenge ataacha gita kabisa. Tena, nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo hukwaruza na sauti yake ni kali, ilhali za waya bapa ni laini na sauti yake ni nzito. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown huko Marekani miaka ya 1960, alitumia za waya bapa, tena nene, na hakupenda kuzibadilisha. Kumbe si upya wala bei, ni kufaa tu.

Basi nyinyi mnaoshika pesa za bendi, kabla ya kwenda dukani muulizeni mpigaji: mtashusha hadi wapi, na vidole vyako vyaweza nini? Mkulima akichagua jembe, sote tutavuna.