Haki ya Kujua Yaliyotokea



Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, ikaanza kurejea tarehe 3 Novemba. Huku Pemba siku hizo zilipita kwa utulivu. Machafuko yalikuwa Bara: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya. Lakini waamini wetu wengi wana wazazi, watoto na ndugu huko, nao walikaa siku hizo bila kujua nani kasalimika. Wazee walisema zumari ikipigwa Unguja huchezwa hadi maziwa makuu. Safari hii ngoma ilipigwa Bara, nasi hatukusikia hata mdundo.

Wenye mamlaka husema kwamba mtandao hufungwa ili kuzuia uongo na kulinda amani. Kwa maoni yangu, kuufunga hakuondoi uongo. Huondoa njia ya kuukanusha. Na Pemba, kuliko mahali pengi, inao ushahidi wa jambo hilo.

Tarehe 27 Januari 2001 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Chama cha Wananchi (CUF) huko Wete, Micheweni na kwingineko kisiwani. Wakati ule hapakuwa na mtandao wa kuzimwa. Habari zilitoka kwa miguu na kwa mashua: watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, na huko ndiko walikokwenda kuulizwa yaliyowapata. Baadaye Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja watu 31 waliokufa. Shirika la Human Rights Watch lilisema hawapungui 35. Mtu aliye mbali ataona kwamba tofauti ya watu wanne si kitu. Lakini mwulize mama wa Micheweni ambaye hajui kama mwanawe yumo katika hesabu ya kwanza au ya pili, au hayumo katika hesabu yoyote. Ndugu zangu, marehemu asiyehesabiwa hana wa kumwombea radhi.

Miaka 19 ikapita. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Oktoba 2020, risasi zilisikika tena Pemba. Chama cha ACT-Wazalendo kilisema kuna watu waliouawa, Polisi wakakanusha. Safari hii simu zilikuwa mkononi mwa karibu kila kijana, na ukweli, wa upande wowote uwao, ungeweza kuonekana siku ileile. Hata hivyo, tangu tarehe 27 Oktoba WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ilifungwa au ikawa haipitiki. Matokeo yake tunayajua sisi tunaoishi hapa. Kila mtaa una masimulizi yake, na watoto wanakua nayo. Hakuna anayeweza kumshawishi mwenzake, kwa kuwa ile saa ambayo jambo lingeweza kuthibitishwa ilipita gizani.

Nakiri kwamba hofu ya uongo si hofu ya bure. Mwaka 1994 nchini Rwanda redio ya RTLM iliwachochea watu kuwaua jirani zao, na sisi Wakatoliki tunaona uchungu kukumbuka kwamba wengi wa wauaji na wa wauawa walikuwa wabatizwa wa Kanisa moja. Lakini tuutazame mfano huo vizuri. Redio ile ilifanya kazi yake vilimani mahali ambapo hapakuwa na sauti nyingine yenye nguvu ya kuijibu. Na hapa kwetu mwongo amekwisha wekewa sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inampa anayeeneza taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ni sheria pana mno kwa maoni yangu, lakini angalau humpeleka mtu mmoja mahakamani akajitetee. Kuzima mtandao ni kuwahukumu watu wote bila kesi.

Tena mtandao uliporudi, simu zilipokea ujumbe ulioonya watu wasisambaze picha zinazoweza kuleta taharuki. Je, aliyemzika mwanawe, na picha ile ndiyo shahidi wake pekee, aifiche wapi?

Mtakatifu Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kwamba kila mtu anayo haki ya kutafuta ukweli, na ya kupashwa habari za kweli kuhusu mambo ya jamii. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo inampa kila mtu haki ya kuwasiliana bila kuingiliwa, na ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu. Wakati wote, haikusemwa isipokuwa siku ya kura. Kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano, Baraza la Wawakilishi haliwezi kutusaidia sana hapa. Walei wanaotaka kulalamika wawaendee wabunge wao.

Sasa niseme na sisi wenyewe. Wakristo wa Pemba ni wachache, na tunaishi salama kwa sababu jirani zetu Waislamu wanatujua kwa sura na kwa majina. Padre Evarist Mushi alipouawa Unguja tarehe 17 Februari 2013, wapo miongoni mwetu waliokuwa tayari kumtilia shaka jirani ambaye hajawahi hata kuvuka bahari. Ujumbe wa sauti usio na mwenyewe, unaorushwa kutoka kundi hadi kundi, una nguvu ileile leo, na aurushaye akisema “nimetumiwa tu” ameivunja Amri ya Nane kama aliyeutunga.

Kwa hiyo naziomba jumuiya ndogondogo zote zifungue daftari la familia zilizopotelewa na ndugu, au zilizokosa habari zao, tangu tarehe 29 Oktoba 2025. Liwe na safu tatu: jina, mahali, na namna habari ilivyopatikana, yaani kuona kwa macho, kuambiwa na aliyeona, au kupokea kwa simu. Yaliyopokewa kwa simu yaandikwe kwa penseli hadi yatakapothibitishwa. Madaftari yakabidhiwe kwa paroko. Yasipigwe picha wala kutumwa katika makundi ya simu, kwani yatakuwa na majina ya watu walio hai.