Kikombe Kidogo si Uchoyo

"Wale wafungwa wa Bergen-Belsen waliuawa na chakula cha askari." Hapa Kampala, stori za vita zikianza, hakosi mtu wa kuleta hili. Lina chembe ya ukweli. Waingereza walipoikomboa kambi hiyo ya Wanazi tarehe 15 Aprili 1945, askari wenye huruma waligawa vyakula vya kopo vilivyonona, na wapo waliouawa navyo. Lakini kambini walikuwamo watu kama 60,000, katikati ya maelfu ya maiti zisizozikwa. Wengi wa wale 14,000 hivi waliokufa baada ya ukombozi, taifasi ya chawa, kifua kikuu na njaa yenyewe vilikuwa vimewafikisha ukingoni mwa kaburi kabla kopo la kwanza halijafunguliwa.

"Basi madaktari wa jeshi walizembea." Hapana. Brigedia Hugh Glyn Hughes aligeuza kambi jirani ya jeshi la Ujerumani kuwa hospitali; wagonjwa wakaogeshwa, wakapuliziwa DDT ya kuua chawa, na wanafunzi wa udaktari karibu 100 wakaletwa kutoka London kusimamia ulishaji. Walikosea, ndiyo. Mchanganyiko wa maziwa ya unga, unga na sukari uliotumika katika njaa ya Bengal mwaka 1943 uliwashinda wagonjwa wengi kwa utamu. Sindano za protini zilikuwa balaa: mtu aliyetoka mikononi mwa Wanazi akiiona sindano alipiga mayowe, maana aliijua kuwa kifo. Kilichofaa zaidi ni maziwa, kidogo kidogo.

"Hayo ni ya Wazungu." Mwulize daktari Rex Dean. Baada ya vita alichunguza utapiamlo mjini Wuppertal, Ujerumani, na miaka ya 1950 akawa katika hospitali ya Mulago, hapa Kampala, akiongoza kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto. Kwashiorkor, utapiamlo unaovimbisha mwili, ikatibiwa hapo kwa maziwa.

Linaloniuma zaidi ni linalosemwa leo wodini, kwa watoto wenye utapiamlo: "Mnamnyima mtoto." Jajja amekuja na matooke yake ya moto, anamkuta mjukuu mwenye kilo 6 anapewa maziwa ya tiba, F-75, mililita 100, hata nusu kikombe cha chai haifiki. Ana haki ya kushtuka. Ila mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla, chumvichumvi za damu hukimbilia ndani ya seli na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana kikombe hicho hurudi kila baada ya saa 3, usiku na mchana.

Jajja, usimfichie mtoto tonge chini ya shuka. Mwulize muuguzi lini mtoto ataanza kula matooke.