Mji wa Mchezo na Kanuni Zilizofichwa

Katika kila nchi kuna sheria za aina mbili. Ziko zile zinazopitishwa na Bunge na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, ambazo kila raia anayo haki ya kuzisoma, kuzihoji na kudai zibadilishwe. Na ziko zile zinazoandikwa na mafundi ndani ya mashine, ambazo hazikupita katika Bunge lolote, lakini hufuatwa kila siku na mamilioni ya watu. Hizi za pili ndizo zinazohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, maana hakuna mtu awezaye kubishana na sheria asiyojua kwamba ipo.

Mfano mmoja unatoka mahali ambapo watu wazima wengi hawapatazami kabisa: katika mchezo wa watoto. Mwaka 1989 kampuni ya Maxis ya California, Marekani, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao SimCity, uliobuniwa na Bwana Will Wright. Mchezaji hupewa ardhi tupu na mtaji wa fedha, kisha hufanywa meya. Hutenga maeneo ya makazi, ya biashara na ya viwanda. Hujenga barabara, reli na mitambo ya umeme. Huweka vituo vya polisi na vya zimamoto. Hupanga kiwango cha kodi kati ya 0 na 20 kwa mia. Watu wakiridhika huhamia mjini, wakichukia huhama. Hakuna adui wa kupigwa wala mshindi wa kutangazwa. Mchezo huo ulienea duniani kote, na baadhi ya walimu wa Marekani wakauingiza madarasani, wakiamini kuwa unafundisha jinsi miji inavyoendeshwa.

Je, kweli ulifundisha hivyo? Profesa Sherry Turkle wa chuo kikuu cha MIT, ambaye kwa miaka mingi amechunguza uhusiano wa watu na kompyuta, amesimulia habari za mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyekuwa hodari katika mchezo huo. Miongoni mwa kanuni ambazo mwanafunzi huyo aliziorodhesha kuwa ndizo za kweli ni kwamba kupandisha kodi daima huleta ghasia. Hakuambiwa hivyo na mwalimu, wala hakusoma hivyo katika historia ya nchi yoyote. Mashine ilimwonyesha hivyo, naye akaamini. Jambo lililokuwa dhana ya mtunga programu likageuka kuwa ukweli wa maisha katika kichwa cha kijana.

Na dhana za mtunga programu nazo zina ukoo wake. Bwana Wright alipokuwa akitayarisha mchezo huo alisoma kazi za Profesa Jay Forrester, mhandisi wa MIT ambaye mwaka 1969 alichapisha kitabu kiitwacho Urban Dynamics. Profesa huyo, kwa msaada wa John Collins aliyekuwa Meya wa Boston, aliugeuza mji kuwa mfumo wa hesabu. Hesabu zake zilimpeleka kwenye hitimisho kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kunaudhuru mji, na kwamba kubomoa sehemu ya makazi yao duni kunaufaa. Hitimisho hilo lilizusha ubishi mkubwa miongoni mwa wataalamu, na ubishi huo uliwezekana kwa sababu moja: Profesa Forrester alizichapisha hesabu zake. Aliyetaka kumpinga alijua pa kuanzia. Mtoto aliyekaa mbele ya SimCity hakuwa na bahati hiyo. Ndiyo maana Bwana Alan Kay, mmoja wa mabingwa wa kompyuta waliojishughulisha na elimu ya watoto, aliulaumu mchezo huo waziwazi. Alisema kwamba mtoto hawezi kuziona kanuni zake wala kuzibadili. Uhalifu ukizidi, jibu analopewa ni kuongeza polisi, na hana njia ya kujaribu jibu jingine.

Katika hali hiyo ndipo tukio la Januari 2008 linapopata uzito wake. Kampuni ya Electronic Arts, iliyoinunua Maxis mwaka 1997, iliruhusu maandishi ya programu ya mchezo ule wa 1989 yatolewe hadharani kama programu huria. Kazi ya kuyatayarisha ilifanywa na Bwana Don Hopkins, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa ameuhamishia mchezo huo kwenye mashine za mfumo wa Unix. Mchezo ulikusudiwa pia kwa kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child, uliolenga watoto wa nchi maskini. Kwa kuwa jina la SimCity lilibaki kuwa alama ya biashara ya kampuni, programu iliyofunguliwa iliitwa Micropolis, jina ambalo Bwana Wright mwenyewe alikuwa amelitumia kabla mchezo haujaingia sokoni. Leseni yake, iitwayo GPL, inampa kila mtu ruhusa ya kuitumia programu, kuichunguza, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba atakayeigawa baada ya kuibadili naye aache mlango wazi kama alivyoukuta.

Wapo walioona kuwa habari kubwa hapo ni mchezo kupatikana bure. La hasha! Vitu vya bure ni vingi, na vingine huja na minyororo yake. Habari kubwa ni kwamba sasa kanuni za mji ule zinasomeka. Mtu akifungua sehemu inayohesabu uhalifu, atakuta hesabu fupi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata. Huanza na namba 128, hutoa thamani ya ardhi ya mahali hapo, hujumlisha msongamano wa watu, kisha hutoa nguvu ya polisi. Basi. Katika hesabu hiyo ya uhalifu hamna ajira, hamna mishahara, hamna elimu. Kwa maneno mengine, anayeishi mahali pa thamani ndogo pamoja na wenzake wengi amekwisha kuhukumiwa kabla hajatenda lolote, na kinachoweza kumwokoa haraka ni kituo cha polisi cha dola 500.

Bajeti ya mji huo nayo ina mafungu matatu tu ya matumizi: barabara, polisi na zimamoto. Hospitali na makanisa huchipuka yenyewe katika maeneo ya makazi, bila meya kuamua lolote. Na shule? Shule haimo. Meya wa mji ule hana mahali pa kujenga hata darasa moja, wala hana mwalimu wa kumlipa. Hapa walimu walioupeleka mchezo huo darasani wana jambo la kutafakari. Watoto walifundishwa uendeshaji wa mji kwa kutumia mji usio na shule, na mji huo ukastawi kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba hakuna kilichopungua.

Isidhaniwe kwamba Bwana Wright alikuwa na nia mbaya. Alitunga mchezo, na kila mchezo hauna budi kuacha mengi nje. Kosa halimo katika kurahisisha. Kosa ni kurahisisha na kisha kuficha kilichoachwa. Ramani isiyoonyesha mito yote si ramani ya uongo, mradi msomaji aambiwe hivyo.

Wala wema wa kampuni usitukuzwe kupita kiasi. Ilichotoa ni mchezo wa miaka 19 iliyopita, uliokwisha kurudisha faida yake. Matoleo mapya ilibaki nayo. Machi 2013 ilitoa SimCity mpya ambayo haikuweza kuchezwa bila mashine ya mchezaji kuunganishwa wakati wote na mitambo ya kampuni. Siku za kwanza mitambo hiyo ililemewa, na watu waliokwisha lipa fedha zao wakabaki nje ya miji yao wenyewe. Mwaka 2015 kampuni iliifunga ofisi ya Maxis ya Emeryville iliyoutengeneza. Wakati huo wote mchezo mkongwe uliofunguliwa uliendelea kuchezwa na kurekebishwa na watu wasiohitaji kumwomba mtu ruhusa. Waswahili walisema zamani: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hata hivyo, mlango kuwa wazi si sawa na kuingia ndani. Peru ilikuwa miongoni mwa nchi zilizonunua kwa wingi kompyuta za mpango ule wa watoto. Uchunguzi wa Benki ya Maendeleo ya Amerika katika shule 319 za vijijini, uliochapishwa mwaka 2012, haukuona dalili kwamba matokeo ya hesabu na lugha yalikuwa yamepanda. Mashine zilifika, na programu zake zilikuwa huria, lakini mashine haimfundishi mtoto kuuliza. Kazi hiyo ni ya mwalimu, naye asipoandaliwa, maandishi yaliyo wazi hubaki kama kitabu kilichofunguliwa mbele ya asiyejua kusoma.

Pale ambapo watu wenye ujuzi waliandaliwa, matunda yalionekana. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta na wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, waliitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo ipime kama Kiswahili kina wateja wa kutosha. Leseni iliwaruhusu, na ujuzi walikuwa nao.

Mwalimu mwenye Micropolis leo anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ambayo mwaka 1989 haikuwezekana: waisome hesabu ya uhalifu, waseme kilichosahauliwa, waongeze ajira na shule, kisha walinganishe miji miwili. Watakaofanya hivyo watakuwa wamejifunza jambo kubwa kuliko uhodari wa kucheza. Watajua kwamba jibu la kompyuta ni jibu la mtu aliyeiandika.

Mtumishi wa serikali naye hayuko mbali na mchezo huu. Mezani kwake hufika majedwali yaliyotolewa na programu: makadirio ya kodi, ugawaji wa viwanja, orodha ya wanaostahili msaada. Kabla ya kutia sahihi, ni wajibu wake kuuliza ni vitu gani vilivyojumlishwa, vipi vilivyotolewa, na vipi havikuhesabiwa kabisa. Akijibiwa kwamba hayo ni siri ya mwenye programu, basi ajue kwamba anatakiwa kutekeleza sheria ambayo haikupitishwa na Bunge, na ambayo hata yeye hakuruhusiwa kuisoma.