Msituambie "njoo utembelee"

Wasee, leo nitaongea vibaya kidogo na najua kuna watu watanijia kwa komenti. Sawa tu, njooni.

Jumamosi tulimsindikiza mgeni wetu. Msichana Mjerumani, mwanafunzi, amekaa kwetu Dunga mwaka mzima akisoma chuo kimoja hapa Kisumu. Alikuja hajui kula samaki na mkono. Ameenda akijua kutoa mifupa ya ngege gizani stima ikipotea. Mamangu alikuwa anamwita nyathina, mtoto wangu, na tulimpa jina la Kijaluo kama tunavyowapa wote wakikaa zaidi ya wiki mbili. Kwa hivyo mtu asiniambie nina chuki. Huyo ni dadangu.

Siku ya kuaga tulikula samaki biichi, tukapiga picha kwa ile njia ya mbao inayopita katikati ya mafunjo, akalia, mama akalia. Kufika airport akanishika mabega: "Lazima uje unitembelee. Niahidi." Nikaahidi. Yeye alikuwa anaamini anachosema. Mimi nilikuwa najua ni uongo, na nikatabasamu.

Sasa hebu tuhesabu, kwa sababu hii kitu hatuhesabu kamwe.

Yeye akitaka kurudi Dunga: tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza. Anajaza fomu kwa simu akiwa amelala kitandani, analipa kama dola 30, anasubiri jibu kwa barua pepe. Basi.

Mimi nikitaka kwenda kwao: viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Hiyo ni zaidi ya shilingi 12,000, na wakikunyima hawarudishi hata bob. Napanda basi la usiku hadi Nairobi kutoa alama za vidole. Halafu naonyesha taarifa ya benki, barua ya kazi, na ushahidi kwamba nitarudi nyumbani. Mimi niliacha chuo. Kazi yangu ni video, na pesa yangu inaingia kwa M-Pesa vipande vipande, leo mia tano, wiki ijayo sufuri. Huyo afisa ataangalia karatasi zangu aone kijana ambaye hana cha kumrudisha. Mama yuko Dunga, ziwa liko Dunga, maisha yangu yote yako Dunga, lakini hayo hayana stempu.

Najua mtasema, "Buda, si ni heshima tu? Hata sisi tunasema karibu tena." Ndiyo, tunasema. Lakini karibu yetu ilikuwa na kitanda, sahani na ufunguo wa mlango. Alikula kwetu mwaka mzima. Akirudi kesho, kitanda kiko. Mwaliko ambao hauna kitu nyuma yake ni sauti tu ya kufanya kuaga kusiume. Na aliyeachwa ndiye anabaki nao, anaukumbuka kila akipita pale biichi.

Watu wa ziwa hili tunajua mwaliko wa kweli unakaaje. Miaka ya mwisho ya hamsini, vijana wa Kenya walikuwa wamepata nafasi za vyuo Marekani na hawakuwa na nauli. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, hakuwaambia "siku moja mtaenda tu." Alizunguka Marekani akitafuta pesa ya ndege. Septemba 1959, wanafunzi 81 wakapaa kutoka Nairobi kwenda New York. Kufika 1963 walikuwa wameenda karibu 800 kutoka Afrika Mashariki, Wangari Maathai akiwa mmoja wao. Huyo alialika, halafu akatafuta usafiri.

Na kabla mseme nataka sponsa: sitaki tiketi ya mtu. Nataka kazi ya mikono. Huko Ujerumani mwenyeji anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake na kusaini karatasi rasmi kwamba atabeba gharama za mgeni wake. Inagharimu euro 29. Lazima aliyesaini awe na kipato, kwa hivyo mwanafunzi huenda asiweze, lakini ana wazazi, na wazazi wake walikuja Dunga wakalala kwetu wiki nzima. Hiyo karatasi haimaanishi utapata viza. Ila inamaanisha mtu ametoka nyumbani kwake, amepanga foleni kwa sababu yako. Hapo ukiniambia njoo, nitaamini.

Kama huwezi, sema ukweli: "Sijui kama utaweza kuja. Mimi naweza kurudi, na nitarudi." Hiyo kwaheri inauma, lakini naweza kuishi nayo.

Mama pale airport hakuahidi wala hakuahidiwa. Alimwambia oriti. Mnajua wenyewe, ndani ya hilo neno kuna rito, kulinda, na rito hiyo hiyo pia ni kungoja. Alimwombea alindwe, akageuka, akaenda kutafuta tuk-tuk. Hakuna aliyedanganywa.

Sasa upande wetu. Jana usiku nilimtumia hizo hesabu zote kwa WhatsApp. Nilidhani atakasirika. Asubuhi amejibu: "Sikujua. Mbona hukuniambia mwaka mzima?"

Manze, hilo swali ni la haki na sina jibu safi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naona aibu. Unaketi na mtu mezani, mnacheka, halafu umwambie kwamba pasipoti yake inafungua milango na yako inagonga? Unaona ni kama unaomba. Kwa hivyo unasema "nitakuja," na yeye anaenda kwao akiwa bado hajui. Miaka yote tunawapeleka airport hivyo, hawajui, halafu tunawalaumu kwa kutojua.

Ameuliza hiyo karatasi inaitwaje. Nimemtumia jina. Tutaona.

Wewe uliyewahi kuaga mgeni ukiahidi utaenda kwao: ulimwambia bei ya mlango, au na wewe ulitabasamu tu?